Sikio la Porto Alegre

Linha Santo Isidoro, milimani
15 Machi 1942

Mdogo wangu Vante,

Mama anakusalimu, mimi nakusalimu, na Olivo mume wangu anakusalimu ingawa yuko ndani ya pipa anakanyaga zabibu na hawezi kushika kalamu. Sisi wazima. Zabibu zimekuja nyingi lakini mvua ilizikuta vibaya, kwa hiyo mvinyo wa mwaka huu utakuwa wa kuwapa wageni tusiowapenda. Mama anauliza kama unavaa ile fulana ya sufu aliyokufumia, yenye ukingo wa buluu, pacha wa ile ya Olivo. Nimemwambia huko Porto Alegre bado ni joto. Kasema fulana haivaliwi kwa ajili ya baridi, inavaliwa kwa ajili ya kifua. Basi ivae, nipumzike.

Ya huku umeyasikia. Amri imebandikwa mlangoni pa kanisa: lugha yetu ni marufuku barabarani, dukani, kanisani, hata makaburini. Kireno tu. Wewe umesoma, kwako ni kama kubadili shati. Mama ana miaka sabini na moja na Kireno chake chote ni "habari za asubuhi", ambayo huitumia hata jua likizama. Nimemkataza kwenda dukani, maana akikutana na mtu lazima amsemeshe, na baada ya salamu hiyo ni Kifeltre kitupu, lugha ya kwao Italia, kama alivyoshuka nayo melini akiwa mtoto mgongoni. Olivo naye ana shida na maksai wake. Juzi aliwaambia kwa lugha ya serikali wakunje kushoto, wakamtazama kama wanavyomtazama padri.

Nacheka lakini moyo hauko hapo. Zortéa, mume wa jirani yetu Amábile, wamemchukua. Walimkuta njiani na mfuko wa vitabu vya katekisimu alivyopewa na watawa. Unajua vilikuwa vinakwenda wapi. Watoto wa huku wanapokea komunyo ya kwanza mwaka huu na hawajui Kireno; nani atawaeleza dhambi ni nini kama si Mama, jikoni kwetu, wakati sisi wanawake tukisuka mabua ya kofia? Zortéa kawaambia polisi yeye ni mtu wa mjini, milimani hakujui, vitabu kaviokota. Wamempeleka kwenu. Wakijua anatoka wapi watafika jikoni, na wakifika jikoni watamchukua Mama. Wewe uko maofisini, unajuana na watu. Muulizie.

Unaukumbuka mchezo wetu juu ya ukuta wa mawe? Mtu akipita na nyumbu wake akitusalimu, tunakisia kwa lafudhi yake wazee wake walitoka wapi: huyu Mvicenza, huyu Mtrento, huyu Mkremona wa ng'ambo ya mto. Mimi nilipatia kwa bahati. Wewe hukukosa hata siku moja, hata mtu akiwa kajifunga skafu mdomoni.

Barua hii inaletwa na Bepi, anayeshuka na gari lake la maksai mpaka bandari ya mtoni halafu anapanda boti. Mpe jibu mkononi. Na jambo dogo: barua yako ya Krismasi ilitiwa sahihi na mtu anaitwa Florival. Simjui, lakini msalimie.

Dada yako,
Dosolina


Porto Alegre
10 Aprili 1942
(kwa posta)

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta nyote katika afya njema, kama iniachavyo mimi. Pasaka imepita salama. Nimefurahi kusikia habari za mavuno.

Ninaandika kwa Kireno, na ningeomba nawe ufanye hivyo na kutumia posta. Bepi asije tena mlangoni pa ofisi na ile kofia yake. Nimepata kazi mpya tangu Januari. Ni kazi ya mezani, ya heshima, na haina mengi ya kueleza.

Mfundishe Mama maneno machache ya Kireno kila siku, ataweza. Nakushauri pia muwe mnalala mapema, hasa Jumamosi. Jumamosi ni siku nzuri ya kulala mapema.

Jina Florival ni rahisi zaidi kwa watu wa hapa kulitamka.

Wako mtiifu,
Florival Menegat


Linha Santo Isidoro
3 Mei 1942

Vante,

Salamu kwanza, tusije tukaitwa washenzi. Mama mzima, goti tu. Ndama aliyezaliwa Machi anakula vizuri. Kokwa za chestnati zimeanza kuanguka mitini.

Bepi anasema ulimfungulia mlango kiasi cha pua, ukamwambia utajibu kwa posta. Mtu aliyekubeba begani ulipovunjika mguu. Haya.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kuhusu Zortéa, hakuna neno. Nilikuuliza jambo moja tu na hilo ndilo hulioni. Lakini la Jumamosi umelijua. Vante, ulipokuwa hapa baraza ya jikoni ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tumeanza mwaka huu, baada ya amri, na wanaojua ni sisi wa nyumba hii, wanawake wanaosuka, na Zortéa. Nani kakwambia?

Sasa nikueleze yanayosemwa huku, labda huko hayafiki. Wanasema Porto Alegre kuna mtu anaitwa Sikio. Ukikamatwa wanakuketisha chumbani, wanakusemesha, naye yuko hapo anasikiliza. Hata ukisema Kireno anajua babu yako alizaliwa bonde gani na wewe umelelewa upande gani wa mto. Zortéa alijiita mtu wa mjini. Yule Sikio akasema, hapana, huyu ni Mtrento wa milimani, wa upande wetu huu. Tangu hapo hawamwachii. Ndani ya vile vitabu walikuta pameandikwa Jumamosi tu, na wanataka ataje hiyo nyumba ya Jumamosi, naye hataji. Kamwambia hivyo mtawa anayewapelekea wafungwa uji.

Watu wanasema huyo Sikio lazima awe mmoja wetu, maana Mreno atajuaje tofauti. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alisikia wakisema, akaendelea kukoroga ugali wake wa manjano. Baadaye akasema, "Yeyote awaye, ana mama." Halafu akaenda kulala bila kula.

Niambie unafanya kazi gani.

Dosolina


Porto Alegre
24 Mei 1942
(kwa posta)

Dada mpendwa,

Nimepokea salamu zako. Pole kwa goti la Mama. Natuma dawa ya kuchua na sukari kidogo.

Hapa baridi inaanza. Fulana naivaa. Mwenye nyumba wangu, Dona Vicenzina, ndiye anayeifua, na kila anapoianika huwaita majirani waje kuitazama, eti ni vazi la kondoo aliyekufa kwa huzuni. Yeye ni Mkalabria, mjane, wa kusini kabisa, kwenye ncha ya kile kiatu cha Italia. Anatuita sisi wa kaskazini walaugali na kusema damu yetu ni maziwa. Mimi humwambia pilipili yake imewafanya Wakalabria wazaliwe wamekasirika. Akisema kikwao simwelewi hata neno, nami nikisema kikwetu hanielewi. Hugombana nami kwa Kireno.

Inachekesha, Dada. Huko milimani sikuwahi kuwa Mwitaliano. Nilikuwa mtoto wa Menegat, Mfeltre, na Wakremona walitucheka tunavyoita kijiko. Nimekuja huku ndipo nikaambiwa mimi na Dona Vicenzina ni kitu kimoja, na kitu hicho ni adui wa nchi niliyozaliwa. Mtu akiambiwa hivyo kila siku hutafuta mahali pa kusimama ambapo hataulizwa. Sina zaidi ya hilo la kusema.

Kuhusu kazi yangu, nimekwisha kueleza.

Florival M.


Linha Santo Isidoro
20 Juni 1942

Vante,

Mama hajambo. Salamu zimekwisha.

Olivo amekamatwa. Alishuka na mapipa mpaka bandari ya mtoni, yeye mbele na gari lake, Bepi nyuma na lake. Kufika pale mbele ya kituo cha polisi, maksai wakagoma katikati ya barabara. Nyuma lori linapiga honi. Olivo akawasemesha Kireno. Akawasihi kwa Kireno, akawaita mabwana wakubwa. Wapi. Yule mwekundu akaanza kulala chini na nira shingoni. Watu wakacheka, askari akatoka. Olivo akainama akamnong'oneza yule mwekundu sikioni, maneno mawili, na maksai wakaondoka kama watoto waliotoka misa. Askari alisikia. Bepi aliyaona yote, akashuka garini mwake akajifanya bubu mpaka walipoondoka, kisha akawarudisha maksai nyumbani. Wamerudi wamenona. Nikiwaona nataka kuwapiga, halafu naona hawana kosa.

Olivo hakutaja jina wala kwao. Kakaza meno, maana anajua akijulikana ni wa hapa watafika jikoni, na Mama hatavumilia hata siku mbili juu ya sakafu ya saruji. Kwa kuwa hasemi, wamempeleka Porto Alegre, akasikilizwe.

Olivo hajui kunyamaza, Vante. Unamjua, huongea hata na mizabibu. Siku moja watamkanyaga mguu, atasema neno moja, na Sikio atalijua. Atalijua kuliko neno lolote alilowahi kusikia, maana Olivo ndiye aliyemfundisha kupiga filimbi kwa vidole.

Sikuulizi tena kazi yako. Mwenye macho haambiwi tazama. Nakwambia tu mume wangu yuko wapi na nini kitatupata. Bepi atangoja jibu. Usimfungulie mlango kiasi cha pua.

Dosolina


Porto Alegre
12 Julai 1942

Dosolina,

Naandika kwa lugha yetu na Bepi yuko hapa kitandani kwangu anakula mkate. Olivo yuko hai na yuko huru. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma mengine. Ana mbavu mbili zinazouma, atakaa hapa mpaka aweze kusafiri.

Jumanne waliniita chumbani. Walisema kuna mtu wa bandari ya mtoni, bubu wa kujifanya. Nikaingia, nikamwona shemeji yangu juu ya kigoda, ndevu zimemjaa. Alinitazama viatu, akanitazama tai, akanitazama uso. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu.

Nilimuuliza kwa Kireno, kama ninavyowauliza wote, "Kwenu wapi?"

Nilidhani atakaa kimya. Nilimwomba Mungu akae kimya. Akasema taratibu, kwa Kifeltre, "Mama anauliza kama umevaa fulana."

Mkuu wa chumba akaweka sigara chini. "Kumbe ana ulimi. Wa wapi huyu?"

Maneno yale yalikuwa na nyumba yetu nzima ndani yake, Dada. Mtoto wa Linha angeyajua. Nami nilikuwa nimeivaa fulana, ukingo wa buluu ulikuwa unachungulia kwenye kola yangu, na mwingine kama ule unachungulia kwenye kola yake, na kati yetu mkuu amekaa na macho mazima. Nikafunga koti. Nikasema, "Huyu si wa milimani, mkuu. Ni Mkalabria. Simwelewi vizuri, nadhani anaomba maji."

"Wewe? Usielewe?"

"Wa kusini ni watu wengine kabisa, mkuu."

Si mjinga yule. Akasema, "Basi tumwite Mkalabria," na jina nililolijua mimi lilikuwa moja tu. Wakatuma askari akamlete Dona Vicenzina. Nilikaa pale nikimngoja kama mtu anayemngoja daktari wa meno, maana yule mama hanipendi, na kudanganya polisi si mchezo kwa mjane asiye na mtu.

Alikuja na aproni, mikono ina unga. Mkuu akamwambia Olivo aseme tena. Olivo akasema yaleyale. Naapa mama yule hakuelewa hata herufi. Alimtazama Olivo. Akaona ukingo wa buluu. Kisha akageuka akanitazama mimi, koti nimelifunga mpaka kidevuni na ndani ya chumba kuna jiko la kuni. Fulana ile anaifua kila wiki.

Akamwendea Olivo akamzaba kofi ambalo nililisikia mimi. Akaanza kumfokea kwa Kikalabria, mikono juu, mate yanaruka. Halafu akamgeukia mkuu, kwa Kireno: "Mtoto wa binamu yangu! Punguani tangu kuzaliwa! Mama yake analia mwezi mzima, na ninyi mmemfuga hapa mnamlisha?" Akamshika sikio. Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia mama yule atie sahihi ya dhamana, na Olivo akatoka chumbani anavutwa sikio, kichwa upande, bila kunitazama.

Usiku Dona Vicenzina aliniwekea supu mezani. Nilitaka kumshukuru. Akasema, "Nimemfanyia yeye, mlaugali. Wewe kula unyamaze."

Kuhusu mengine usiniulize.

Mdogo wako


Linha Santo Isidoro
9 Agosti 1942

Mdogo wangu,

Mume wangu yuko nyumbani. Analala upande mmoja kwa sababu ya mbavu, na maksai walipomwona walilia. Mwambie Dona Vicenzina kwamba ile soseji yake ya pilipili imefika. Mama aliionja, machozi yakamtoka, akasema ni chakula cha watu waliolaaniwa, kisha akakata kipande kingine. Anamsalimu. Anasema atamfumia fulana.

Asante, Vante. Nilitaka kuliandika hili peke yake kwenye ukurasa, lakini karatasi ni adimu.

Sasa nisome kwa makini.

Siku Olivo aliporudi, Amábile alikuja na mayai. Kuku wake wanataga kidogo wakati wa baridi, lakini alileta yote. Alimshika Olivo mikono miwili akamuuliza kama alimwona Zortéa huko. Olivo akasema hapana. Alipoondoka ndipo Olivo akatuambia: walikuwa ukuta kwa ukuta. Zortéa anakohoa damu. Kila asubuhi wanamtoa kumuuliza nyumba ya Jumamosi ni ya nani, na kila asubuhi hasemi. Miezi mitano, kwa ajili ya jiko letu.

Nilimsomea Mama barua yako, tukiwa wawili. Nilisoma polepole. Alicheka kwenye kofi. Nilipomaliza akauliza, "Kabla ya Olivo, aliwasikiliza wangapi?" Nikasema barua haisemi. Akasema, "Zortéa alimsikiliza yeye?" Nikasema barua haisemi. Akachukua msuko wa Amábile uliobaki kitini, akaukunja vizuri kwa ajili ya kesho.

Kisha akasema niandike haya kama alivyoyasema, nami nayaandika. "Mwambie nilimzaa na nitamzika au atanizika. Lakini mezani hapa hataketi mpaka Zortéa aketi mezani kwake. Siwezi kumpa mwanangu sahani mbele ya Amábile."

Nilimwambia, "Mama, amemwokoa Olivo." Akasema, "Olivo ni wake. Kumwokoa wa kwako hata paka anajua."

Nimelia, kwa kuwa ni wewe, na kwa kuwa amesema kweli. Amábile hajui. Anakuja kila Jumamosi, anakaa kwenye kigoda chako.

Dosolina


Porto Alegre
30 Agosti 1942

Dada,

Nawasalimu wote, Mama wa kwanza.

Umesikia vita vimetangazwa dhidi ya Italia. Mjini wamevunja vioo vya maduka yenye majina ya kwetu. Si wakati mzuri kwa mtu kubadili maneno yake, lakini kila wakati nilioungoja uwe mzuri ulikuja mbaya zaidi.

Ndiyo, nilimsikiliza Zortéa. Alisema neno moja la Kireno, "mkate", na nikamjua. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba najua. Bonde nililitaja, nyumba sikuitaja, na miezi hii yote nimekuwa nikijiambia kwamba hiyo ni tofauti kubwa.

Kesho asubuhi naingia kwa mkuu kumwambia kwamba nilikosea. Kwamba yule ni mtu wa mjini kama alivyosema, na Sikio lilisikia vibaya. Ataniuliza nimekosea kwa wangapi wengine. Kisha atamkumbuka yule Mkalabria aliyeomba maji. Dona Vicenzina nimempeleka leo kwa dada yake, ng'ambo ya ziwa. Amenitukana njia nzima, na tulipoagana akanifunga kifungo cha juu cha koti.

Bepi asije tena. Safari hii sisemi hivyo kwa sababu ya kofia yake.

Mkimwona Zortéa anapanda mlima, msimpigie kelele kutoka mbali, kifua chake hakitaweza kujibu. Mwacheni afike. Amábile asiambiwe lolote juu yangu mpaka Zortéa ameshakula. Baada ya hapo aambiwe yote, na aambiwe na wewe.

Sahani msiniwekee. Lakini mwambie Mama fulana nimeivaa.

Fioravante